Verney Junction: Kituo cha Reli Kilichojengwa Pasipo na Mji

Mtu akisikia habari za reli ya chini ya ardhi ya London, hufikiri mara moja mji mkubwa, majumba yaliyosongamana, na watu wengi washukao ngazi kwa haraka. Si rahisi afikiri kwamba kampuni iliyoanzisha reli hiyo, ambayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake duniani, ilikuwa na kituo katikati ya malisho ya ng'ombe, maili 50 kutoka London, mahali ambapo hapakuwa na mji wala kijiji. Kituo hicho kiliitwa Verney Junction. Kilifunguliwa tarehe 23 Septemba 1868, na kikafungwa tarehe 1 Januari 1968. Yaani kilidumu muda wa karibu miaka 100.

Katika somo hili tutaeleza jinsi kituo hicho kilivyopata kuwako, jinsi kilivyopata fahari yake, na mambo yaliyokiua. Tumekichagua kwa sababu habari zake zaonyesha jambo lipasalo kujulikana kila mahali penye barabara, reli, soko au shule. Jambo lenyewe ni hili: kujenga ni kazi moja, na kujua twajenga kwa ajili ya nani ni kazi nyingine, tena, kufunga kitu kwataka hesabu ndefu kuliko kukifungua.

NCHI YENYEWE

Buckinghamshire ni jimbo la Uingereza lililo kaskazini-magharibi ya London. Upande wake wa kaskazini ni nchi ya udongo mzito na majani mengi, na tangu zamani kazi ya wenyeji ni kulima na kufuga. Miji ya upande huo, kama Buckingham na Winslow, ni midogo. Kwa maili nyingi msafiri huona mashamba yaliyozungushiwa ua wa miti, na vijiji vilivyo mbalimbali.

Reli ilifika katika nchi hiyo mwaka 1850. Ilianzia Bletchley, mahali palipo juu ya reli kubwa itokayo London kwenda kaskazini, ikaelekea magharibi. Ilipokwisha kuupita mji wa Winslow iligawanyika mara mbili katikati ya mashamba. Njia moja ilikwenda Banbury kwa kupitia Buckingham, na njia ya pili ilielekea Oxford, ule mji wa wanavyuoni, ikafika huko mwaka 1851. Pale zilipoachana njia hizo hapakuwa na kituo. Kwa miaka 18 magari ya moshi yalipita bila kusimama, maana hapakuwa na mtu wa kupanda wala wa kushuka.

WAKUBWA WAWILI NA KAMPUNI YAO

Palikuwa na mtu mkubwa sana katika jimbo hilo, naye ni Duke wa pili wa Buckingham. Mali yake ilikuwa nyingi, lakini matumizi yake yaliipita mali, hata madeni yakamshinda. Mwaka 1848 vyombo vya jumba lake la Stowe vilitolewa nje vikauzwa kwa mnada, na mnada huo ulidumu siku 40. Mwanawe, ambaye siku zile aliitwa Marquess wa Chandos, hakukaa kuulilia ukubwa uliopotea. Aliingia katika kazi ya reli, na toka mwaka 1853 hata mwaka 1861 alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya London and North Western, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za reli katika Uingereza. Mwaka 1861 baba yake alikufa, naye akawa Duke wa tatu.

Jirani yake alikuwa Sir Harry Verney wa Claydon House, aliyezaliwa mwaka 1801. Huyu alikuwa na ardhi nyingi, na kwa miaka mingi alikuwa mjumbe katika Bunge. Mwaka 1858 alimwoa Parthenope Nightingale, dada yake Florence Nightingale, yule Bibi aliyejulikana ulimwenguni kwa kuwauguza askari katika Vita ya Crimea. Florence Nightingale alifika mara nyingi Claydon kumtembelea dada yake. Wenye ardhi wengi wa zamani hizo waliichukia reli, wakisema itatisha wanyama na kuharibu mashamba. Sir Harry hakuwa na mawazo hayo. Aliona kwamba mkulima aliye mbali na soko ni kama mtu mwenye chakula asiye na mkono wa kukifikisha kinywani.

Basi wakubwa hao wawili walisaidia kuanzisha kampuni mpya, na mwaka 1860 Bunge likapitisha sheria ya kuiruhusu. Kampuni iliitwa Aylesbury and Buckingham Railway, maana ilitaka kuunganisha miji hiyo miwili. Lakini jina la kampuni lilikuwa kubwa kuliko mfuko wake. Fedha zilikuja polepole, na wale wa London and North Western, walipokwisha kuachana na Chandos, hawakutaka tena kuwa wasaidizi. Miaka 8 ilipita kabla reli haijafunguliwa; na ilipofunguliwa ilikuwa njia moja tu, na haikufika Buckingham. Iliishia pale mashambani ilipokutana na reli ya zamani. Kwa kuwa kampuni haikuwa na nguvu ya kuendesha reli yake yenyewe, magari yaliendeshwa na kampuni nyingine, Great Western. Msafiri wa kutoka Aylesbury aliyetaka kwenda Buckingham alilazimika kushuka katikati ya malisho na kungoja gari la watu wengine.

Ndipo ilipopasa kituo kijengwe mahali pale. Lakini kituo kitaitwaje? Desturi ni kukiita kituo kwa jina la mji au kijiji kilicho karibu, na pale hapakuwa na mji wala kijiji. Ardhi ilikuwa ya Sir Harry Verney. Basi wakatwaa jina lake, wakaongeza neno Junction, ambalo maana yake ni njia panda ya reli. Hivi ndivyo kituo kilivyopata kuitwa kwa jina la mtu.

NENO "ROAD" KATIKA MAJINA YA VITUO

Hapa msomaji atazame jambo dogo lenye maana kubwa. Kati ya Aylesbury na Verney Junction palikuwa na vituo vingine, na majina yao yalikuwa Quainton Road, Grandborough Road na Winslow Road. Kwa Kiingereza "road" ni barabara. Kampuni za reli za Uingereza zilikuwa na desturi ya kuliongeza neno hilo kila kituo kilipokuwa mbali na mahali palipotajwa. Maana yake ni kama kusema: "Hapa si Winslow, hapa ni kwenye barabara ya kuendea Winslow." Msafiri aliyekata tiketi ya Winslow Road alipaswa kujua kwamba, akishuka, bado ana safari ya miguu.

Kwa nini vituo viliwekwa mbali na watu? Mara nyingi sababu ilikuwa gharama. Reli haipendi mlima wala bonde. Hutafuta nchi iliyo sawa. Tena kuipindisha ili ipite katika kila kijiji ni kuongeza maili, na kila maili ni fedha. Mradi hapakuwa na chombo kingine cha kushindana na gari la moshi, watu walivumilia mwendo huo wa miguu, au walikodi gari la farasi. Lakini kosa hilo lilikaa kimya kama deni lisilodaiwa. Siku yalipokuja mabasi, ambayo humchukua mtu mlangoni pake, deni lilidaiwa lote pamoja.

KAZI ZA KITUO

Kituo cha mashambani huko Uingereza hakikuwa mahali pa abiria tu. Asubuhi wakulima walileta maziwa katika madumu makubwa ya chuma, yakapakiwa kwenda mjini. Siku za mnada waliletwa ng'ombe na kondoo. Wakati wa mavuno zilipakiwa nafaka na majani makavu. Yaliyorudi katika mabehewa yalikuwa makaa ya mawe ya kupikia na kuotea moto, mbolea, mbegu, zana za kilimo, barua na magazeti. Kabla ya reli makaa yaliletwa kwa mikokoteni katika njia za matope, na bei yake ilikuwa kubwa. Reli iliyafikisha hata nyumbani kwa mtu maskini.

Kazi hizo zilitaka watu: mkuu wa kituo, wapagazi, mwenye kuangalia ishara, na mafundi wa kutengeneza njia. Watu hao walihitaji mahali pa kulala. Basi zikajengwa nyumba karibu na kituo, na nyumba ya wageni ikafunguliwa kwa ajili ya abiria waliokuwa wakingoja gari la kuunganisha safari. Ikawa kijiji kidogo kikazaliwa pale pasipokuwa na kitu, nacho kikaitwa Verney Junction vilevile. Kwa kawaida kituo hupewa jina la kijiji. Hapa kijiji kilipewa jina la kituo, na kituo kilikuwa kimepewa jina la mtu.

SIKU ZA FAHARI

Tarehe 1 Julai 1891 reli ya Aylesbury mpaka Verney Junction ilichukuliwa na kampuni ya Metropolitan. Hii ndiyo kampuni iliyofungua reli ya kwanza ya chini ya ardhi huko London tarehe 10 Januari 1863. Kwa nini kampuni ya mjini ilitaka reli ya mashambani? Jibu ni Sir Edward Watkin, aliyekuwa mwenyekiti wake tangu mwaka 1872.

Watkin alikuwa mtu wa mawazo makubwa. Wakati mmoja alikuwa mwenyekiti wa kampuni kadha wa kadha: moja ilikuwa na reli zake kaskazini, upande wa Manchester na Sheffield, nyingine ilikuwa kusini-mashariki, upande wa bahari, na Metropolitan ilikuwa katikati, London. Aliona kwamba akiziunganisha zote, kisha akachimba njia chini ya bahari mpaka Ufaransa, msafiri ataweza kupanda gari Manchester na kushuka Paris. Uchimbaji wa njia ya chini ya bahari ulianza kweli, lakini mwaka 1882 serikali iliusimamisha kwa kuogopa kwamba adui ataweza kuingia kwa njia hiyo. Kwa Watkin, ile reli nyembamba ya mashambani ilikuwa pingili moja katika mnyororo wa kuunganisha nchi mbili.

Metropolitan ilijenga njia yake mpaka Aylesbury mwaka 1892. Kisha ikatengeneza upya reli ya Verney Junction, ikaweka njia mbili badala ya moja, na tangu mwaka 1897 magari yalikuwa yakitoka Baker Street, katikati ya London, mpaka Verney Junction moja kwa moja. Mkulima aliyekuwa akitazama mashamba yake asubuhi aliweza kula chakula cha mchana London.

Tena mwaka 1910 Metropolitan ilileta mabehewa mawili ya fahari, jina la moja Mayflower na la pili Galatea. Kila moja lilikuwa na viti 19 tu, vyenye mito laini, na meza zenye taa. Abiria aliyelipa kidogo zaidi ya nauli aliletewa chakula akiwa safarini. Baadhi ya safari za mabehewa hayo zilifika hata Verney Junction. Fikiri, ewe msomaji: gari lenye taa na vyombo vya chakula likiingia usiku katika kituo kilichozungukwa na malisho, pasipo na barabara kubwa wala duka la maana.

Lakini ndani ya fahari hiyo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia. Mwaka 1899 ile reli mpya ya kutoka kaskazini, iliyoitwa Great Central, ilifika. Haikuja Verney Junction. Iliungana na Metropolitan huko Quainton Road, maili kama 6 kabla ya kufika Verney Junction. Magari makubwa ya Manchester na Sheffield yalikunja pale yakaenda zake, na Verney Junction ikabaki pembeni. Watkin mwenyewe alikuwa ameuacha uenyekiti mwaka 1894 kwa sababu ya ugonjwa. Alikufa mwaka 1901. Mnyororo ulifungwa, lakini pingili ya Verney Junction haikutumiwa.

Toka mwaka 1915 Metropolitan ilianza kuita nchi iliyo kando ya reli yake "Metro-land", ikawavuta watu wa London waende kukaa huko, wapate hewa safi na bustani, na kusafiri kila siku kwenda kazini. Nyumba zilijengwa kwa maelfu. Lakini zilijengwa karibu na London. Hazikufika Verney Junction, maana si watu wengi wawezao kusafiri maili 50 asubuhi na maili 50 jioni.

KUFA KIDOGO KIDOGO

Kituo hiki hakikufa siku moja. Kilikatwa kiungo baada ya kiungo, kama mti ukatwao matawi kabla ya shina.

Kwanza, mwaka 1933 reli ya Metropolitan, pamoja na mabasi na reli nyingine za London, iliwekwa chini ya bodi moja ya usafiri wa London. Wakuu wake, Lord Ashfield na Frank Pick, walijiuliza swali la haki: kazi ya London ni ipi? Wakaona kwamba kupeleka magari matupu mashambani si kazi ya mji. Gari lenye abiria watano lilihitaji dereva, mchochea moto na gadi, sawasawa na gari lenye abiria mia tano. Na lilikula makaa vilevile. Magari ya abiria kati ya Quainton Road na Verney Junction yalikoma mwezi wa Julai 1936. Magari ya mizigo yaliendelea.

Pili, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1940, ilijengwa njia fupi huko Calvert ya kuunganisha reli ya Oxford na reli ya Great Central. Mizigo ikapata njia nyingine nzuri zaidi, hata ile reli ya kusini ya Verney Junction haikuhitajiwa tena. Ilifungwa kabisa mwaka 1947.

Tatu ilikuwa njia ya Banbury. Mwaka 1956 serikali, ambayo ilikuwa imezichukua reli zote za nchi mwaka 1948, ilijaribu kuiokoa kwa kuleta magari mepesi ya dizeli, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya gari la moshi. Abiria waliongezeka, lakini mapato hayakuifikia gharama. Safari za abiria kati ya Banbury na Buckingham zilikoma mwanzo wa mwaka 1961, na kati ya Buckingham na Verney Junction mwezi wa Septemba 1964.

Basi njia panda ya njia nne ikabaki na njia mbili tu: mashariki kwenda Bletchley, na magharibi kwenda Oxford. Jina la Junction lilibaki juu ya ubao, lakini hapakuwa tena na kitu cha kukutana.

HESABU ILIYOKOSEWA

Mpaka hapa twaweza kusema kwamba wakuu wa reli walifanya lililowapasa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, nao walilitazama daftari. Lakini neno lililofuata lahitaji kufikiriwa sana, maana ndilo lenye funzo kuu.

Reli ya kutoka Oxford kupita Bletchley mpaka Cambridge iliunganisha vyuo vikuu viwili vya zamani kabisa vya Uingereza. Mwaka 1938 serikali ilipotafuta mahali pa siri pa kuwaweka wataalamu wa kufumbua barua za adui, ilichagua Bletchley Park, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba reli zilifika hapo kutoka London, Oxford na Cambridge. Mwezi wa Machi 1963 ilitolewa taarifa kubwa ya Dakta Richard Beeching, iliyoshauri kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,000 katika nchi nzima. Reli hii ya Oxford na Cambridge haikuwamo katika orodha ya zile zilizoshauriwa kufungwa. Hata hivyo, hasara ilikuwapo katika daftari, na miaka michache baadaye iliamriwa kwamba sehemu yake kubwa ifungwe kwa abiria.

Sasa angalia miaka. Mwezi wa Januari 1967 serikali ilitangaza kwamba karibu kabisa na Bletchley utajengwa mji mpya, Milton Keynes, wa watu 250,000. Mwisho wa mwaka huohuo magari ya mwisho ya abiria yalipita Verney Junction. Mkono mmoja uliandika kwamba watu robo milioni watakuja. Mkono wa pili ukaondoa njia ambayo wangalipitia kwenda Oxford. Daftari lililotazamwa lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa la jana. Halikuwa na ukurasa wa kesho.

Katika kufungwa huko walioumia hawakuwa wakubwa. Mwenye motokaa alikwenda alikotaka. Walioumia ni mzee aliyezoea kwenda mnadani, mtoto wa shule, mtumishi aliyefanya kazi mji mwingine, na mjane aliyetaka kumtazama mwanawe hospitalini. Watu wa namna hiyo hawaonekani katika daftari la reli, kwa kuwa nauli zao ni senti chache. Lakini hasara yao huandikwa katika daftari jingine, la maisha yao.

BAADA YA HAPO

Njia ya reli haikung'olewa yote mara moja. Magari ya mizigo yaliendelea kupita katika njia ya Bletchley na Oxford mpaka miaka ya 1990, kisha chuma kikashika kutu, na miti ikaota kati ya mataruma. Mwaka 1973 mshairi John Betjeman, aliyependa sana majengo ya zamani, alitengeneza filamu juu ya nchi ya Metro-land, na alipotaka mahali pa kuimalizia alikwenda Verney Junction, akasimama kati ya majani. Hakuna mahali palipofaa zaidi kuonyesha mwisho wa ndoto kubwa.

Lakini huo haukuwa mwisho wa reli. Watu wa Buckinghamshire na wa majimbo ya jirani hawakuacha kuomba njia irudishwe. Milton Keynes ulikuwa umekua kama ulivyotabiriwa, na barabara zilijaa motokaa. Mwaka 2011 serikali ilikubali kutoa fedha, na kufikia mwaka 2024 njia mbili mpya zilikuwa zimelazwa kutoka Bicester mpaka Bletchley, palepale pa zamani, na kituo kipya kimejengwa Winslow. Kilichofungwa kwa kalamu katika siku moja kilihitaji miaka mingi na fedha nyingi sana kufunguliwa tena, maana madaraja yalikuwa yamechakaa na kila kitu kilipaswa kujengwa upya.

Verney Junction yenyewe haikupewa kituo. Reli mpya yapita bila kusimama, kama ilivyokuwa kati ya mwaka 1850 na mwaka 1868. Na hilo ni haki: mahali pa kituo ni penye watu, nao wako Winslow. Lakini kile kijiji kidogo kilichozaliwa kwa sababu ya kituo kingaliko. Majukwaa yametoweka, lakini watu wangali wakikaa katika nyumba zile, na jina la Verney Junction laandikwa katika ramani hata leo.

MAFUNZO

Katika habari hizi twapata mafunzo matatu.

La kwanza ni kwamba kitu cha watu kiwekwe penye watu. Verney Junction iliwekwa pale kwa sababu njia mbili zilikutana, si kwa sababu watu walikaa pale. Njia zilipoachana, hapakuwa na mtu wa kukitetea kituo.

La pili ni kwamba fahari si uhai. Mabehewa yenye taa na chakula yalipendeza, lakini yaliyokilisha kituo kwa miaka mingi ni madumu ya maziwa na magunia ya makaa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikitoboka, mapambo hayawezi kukiziba.

La tatu ndilo kubwa. Yule mwenye mamlaka ya kufunga kitu, iwe njia, kivuko, soko au shule, aulize maswali mawili badala ya moja. La kwanza: "Leo chaleta nini?" Swali hilo kila mtu hulijua. La pili: "Watu watakaokuja kesho watapita wapi?" Katika Uingereza, nchi yenye wataalamu wengi na madaftari mengi, swali la pili halikuulizwa vya kutosha mwaka 1967, nao wajukuu wamelipa gharama. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini kituo cha Verney Junction kilipewa jina la mtu?
2. Neno "road" katika jina la kituo lilimwonya msafiri nini?
3. Sir Edward Watkin alitaka kuunganisha miji gani, na ni jambo gani lilimzuia?
4. Zitaje njia nne zilizokutana Verney Junction, na mwaka ambao kila moja ilifungwa kwa abiria.
5. Mwaka 1967 serikali ilifanya mambo gani mawili yaliyopingana?
6. Je, katika wilaya yenu iko njia, kivuko au soko lisilotumika tena? Waulizeni wazee lilianza kwa sababu gani na lilikoma kwa sababu gani, kisha andikeni majibu yao.